Wasichana 35, mwana wa mfalme mmoja: kwa nini siwakatazi mabinti wa Ujiji kukisoma kitabu cha The Selection

Binti_Ujiji (mleta uzi)

Wakuu wa jukwaa la vitabu, habari zenu.

Nimeona nifungue uzi kamili kuliko kuendelea kujibizana vipandevipande kwenye kundi la wazazi. Hapa Ujiji tuna kikundi cha kusoma, mabinti wa kidato cha tatu na cha nne, tunakutana Jumamosi mchana. Safari hii wamechagua wenyewe The Selection ya Kiera Cass, kilichotoka mwaka 2012. Mzazi mmoja kaona jalada, binti ndani ya gauni kubwa la buluu, akasoma maelezo ya nyuma, akaandika kwamba tunawafundisha watoto kumgombania mwanamume. Wengine wakamuunga mkono. Nawaheshimu wote, lakini hapo siwezi kukaa kimya.

Kwa ambao hawajakisoma: nchi inaitwa Illéa, imesimama pale ilipokuwa Marekani baada ya vita kuu za baadaye. Watu wamepangwa matabaka manane kwa namba. Wa Kwanza ni ukoo wa mfalme na viongozi wa dini, wa Nane ni wasio na pa kulala. Unazaliwa na namba yako, na namba ndiyo inayokupangia kazi. Anayesimulia, America Singer, ni wa Tano, tabaka la wasanii na wanamuziki. Kwao wanakula kutegemeana na sherehe za wakubwa: kukiwa na shughuli ya kuimba, kuna chakula, msimu ukiwa mkavu, tumbo linajua. Kijana anayempenda, Aspen, ni wa Sita, tabaka la watumishi, na njaa ya kwao ni kali zaidi. Sasa mwana wa mfalme, Maxon, amefikia umri wa kuoa. Fomu zinatumwa kwa wasichana wa miaka 16 hadi 20. Mikoa ni 35, kila mkoa unatoa binti mmoja, wote wanapelekwa kasri, na mchujo unaonyeshwa kwenye televisheni nchi nzima.

Ukisoma maelezo ya nyuma ya kitabu utadhani ni magauni na taji. Mimi naomba msome kurasa zinazotangulia kasri. America hataki kabisa kujaza fomu. Mama yake anamwendea na makubaliano: ukijaza, kuanzia sasa nusu ya unachopata kwa kuimba unabaki nayo mwenyewe. Kisha Aspen, huyohuyo anayempenda, naye anamsukuma ajaze, kwa sababu hataki aje ajilaumu kwamba amemzuia kutoka kwenye dhiki. Na ukichaguliwa, familia inalipwa kwa muda wote unaokaa kasri, na wewe unapandishwa hadi tabaka la Tatu. Niambieni, hapo binti anagombania mwanamume, au watu wanaompenda wamemkalia vikao juu ya tumbo la nyumba nzima?

Tulikaa kwenye ukurasa wa mama hadi muda ukaisha. Binti mmoja alisema yule mama anamuuza mwanawe na hakuna jina jingine. Mwenzake, ambaye mama yake anaanika dagaa Kibirizi, akamjibu kwa sauti ya chini kabisa: mama anayejua bei ya unga hawezi kuiona fomu kama mchezo. Wa kwanza akamuuliza, "Sasa wewe ungejaza?" Akanyamaza, halafu akasema, "Ningejaza, lakini ningetaka aniombe, asininunue." Hakuna mwalimu aliyempa jibu hilo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kitabu hiki kinamfundisha binti kuuliza nani kaandika masharti ya fomu na nani anafaidika akisaini. Mwana wa mfalme ni mtu wa pili katika habari hii. Nakaribisha hoja.

---

Mzazi_Mwanga

Mleta uzi, mimi ndiye niliyeandika kule kundini, na nashukuru umejibu kwa adabu.

Hujanitoa wasiwasi. Nina mabinti wawili, mmoja kidato cha tatu na mmoja bado yuko shule ya msingi, na kitabu kikiingia nyumbani kinasomwa na wote. Wewe unasoma njaa na masharti. Mtoto wa miaka 12 anasoma gauni, mapambo, na kijana mtanashati anayechagua. Sisi wakubwa tunajua kuchuja, yeye hajui. Tena nimekifungua chenyewe, sikuishia kwenye jalada. Kuna sehemu ofisa anakwenda nyumbani kwa America kumweleza kanuni kabla hajaondoka. Kwanza anahakikisha kwamba ni bikira, kwa sababu sheria inadai hivyo. Halafu anamwambia si busara kumkatalia mwana wa mfalme jambo lolote atakalotaka, na anapita palepale kwenye chakula cha jioni, mabusu, na zaidi ya mabusu. Mimi baba nilifunga kitabu. Hilo ndilo la kumsomesha binti wa Kigoma?

---

Binti_Ujiji

Baba, umegusa ukurasa mzito kuliko yote, na nimefurahi kwamba umeufungua mwenyewe.

Hebu angalia kinachofuata. America anasikia yale maneno na anachukia, mwili mzima. Anakwenda kasri akiwa nayo kichwani. Siku Maxon anapomwendea na akadhani sasa ndiyo yale aliyoambiwa, anampiga goti. Mwana wa mfalme, ndani ya kasri lake! Na hafukuzwi. Maxon anashangaa, kwa sababu hakuwa na nia hiyo na wala hakujua kwamba wasichana wameambiwa hivyo kwa jina lake.

Mabinti wetu walishangilia hapo. Baada ya kushangilia tukarudi kwenye jambo lenyewe: mtu mzima mwenye wadhifa anapokuja na karatasi, akakuambia kwa upole kwamba hutakiwi kukataa, unafanyaje? Unamwambia nani? Wako hapa mabinti wanaopanda boti kwenda shule, wanaofanya kazi za ndani wakati wa likizo, wanaotumwa dukani jioni. Wote wana mtu wa kumfikiria wakisikia swali hilo. Bora walijibu wakiwa wamekaa pamoja na dada zao kuliko siku moja wako peke yao.

Suala la binti yako mdogo nakubaliana nawe moja kwa moja. Kile si kitabu cha darasa la sita.

---

Mama_Kasulu

Mwakeye bana Kigoma.

Mimi nataka kuwakumbusha kitu ambacho kinaniuma kila watu wanapoongea habari za mabinti na wafalme, kana kwamba wafalme ni wa Ulaya na Marekani tu. Hapa Buha, nchi ya Waha, tulikuwa na himaya zetu: Heru huku kwetu Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kule Kakonko, na nyinginezo. Na Heru ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, enzi za Mwingereza. Hakuwa mke wa mwami. Yeye ndiye alikuwa mwami. Akaketi kwenye mabaraza pamoja na machifu wanaume wa Tanganyika, na nchi ilipopata uhuru alikuwa miongoni mwa wanawake wachache waliokuwa Bungeni.

Mabinti wa Kasulu wangapi wanamjua? Wanamjua America Singer wa Carolina na wanaweza kukutajia rangi ya nywele zake. Sisemi wasimsome America. Nasema mwenye kikundi cha kusoma akiwa Kigoma, Jumamosi moja awaeleze kwamba safari ya saa chache kwa gari kutoka hapo walipo palikuwa na kiti cha enzi, na aliyekikalia alikuwa binti wa nyumbani. Halafu warudi kwenye kitabu wajiulize kwa nini Illéa nzima, yenye mikoa 35, haina hata wazo la binti kukalia kile kiti mwenyewe.

---

Mnyanyembe

Mama Kasulu kanigusa, na mimi naongezea ya Tabora.

Unyanyembe tunamkumbuka Mtemi Isike, aliyejilipua kwa baruti ndani ya boma lake mwaka 1893 Wajerumani walipomzidi nguvu. Aliyekalia kiti baada yake ni mwanamke, Nyaso. Najua mtaniambia aliwekwa kwa ridhaa ya Wajerumani, na ni kweli walikuwa na mkono pale. Lakini mtemi mwanamke hakuwa jambo la kushangaza Unyamwezini. Na katika himaya nyingi za Wanyamwezi zamani, urithi wa utemi ulipitia kwa mama: mtoto wa dada wa mtemi ndiye aliyeangaliwa, si mtoto wa mtemi.

Sasa ichukue kanuni hiyo uipeleke kwenye riwaya ya namna hii. Wasichana 35 wanashindana kumpata mwana wa mtemi, kumbe mwana wa mtemi harithi chochote! Aliyeshika ufunguo ni dada yake, ambaye hakuna anayemwangalia kwenye mashindano. Nikiwaza hivyo naona riwaya nzima imesimama. Mashindano yote yanaendeshwa ili macho ya watu yawe kwa kijana, wakati wazee wanamtazama mwingine kabisa.

---

Msomaji_wa_Usiku

Jamani ya Mnyanyembe ni moto. Iandike!

Mimi nakuja upande wa ufundi, maana naona mnakisifu mno. Nimesoma vitatu vya kwanza vya mfululizo huu na hivi ndivyo nilivyoviona.

Matabaka ni wazo zuri ambalo halijapikwa likaiva. Tunaambiwa wa Sita wanakufa njaa, lakini tukishaingia kasri tunawasahau kwa kurasa nyingi mno, tunabaki na nani kavaa nini na nani kamnunia nani. Waasi nao wanavamia kasri mara kwa mara, wanavunja, wanaondoka, na hadi uingie ndani sana ya habari ndipo unaelewa kwamba wako wa kaskazini na wa kusini na kila kundi lina lake. Kasri linavamiwa kirahisi kiasi kwamba mtu unajiuliza walinzi wanalinda nini.

Na hii ya America kusitasita kati ya Aspen na Maxon inavutwa hadi inachosha. Kitabu cha kwanza nilimwonea huruma. Cha pili nilitaka nimshike bega nimwambie, dada, amua.

Lakini nitakuwa mwongo nisiposema kilichonibakiza. Ni wale watatu, Anne, Mary na Lucy, wahudumu wa chumbani kwa America. Mwandishi kawapa nafasi. Lucy anapotetemeka waasi wanapokuja, na baadaye ukaambiwa waasi hao walishamtendea nini, ndipo unaona tabaka la Sita kwa uso wa mtu. Kama angetupa kurasa nyingi za wale watatu na chache za magauni, kingekuwa kitabu kikubwa kweli.

---

Binti_Ujiji

Msomaji wa Usiku, kuhusu Lucy umesema vile ningependa niseme mimi. Kuhusu waasi sina cha kukitetea.

Kuhusu kusitasita, nakupinga kidogo. Aspen ni wa nyumbani, ni wa njaa ileile, alikuwa akimpa senti kila akimwimbia na binti akawa anazitunza kwenye chupa bila kuzitumia. Kumwacha huyo kwa ajili ya aliyekulia kwenye kasri kuna kitu kinafanana na usaliti, hata kama moyo umehama. Msichana wa Kigoma aliyepelekwa shule Dar akarudi likizo akakuta anamwona tofauti kijana aliyemuaga stesheni anaelewa kusitasita huko bila maelezo.

---

Mke_wa_Mchungaji

Bwana asifiwe, na wengine asalaam aleikum.

Nimeshangaa hadi hapa hakuna aliyemtaja Esta wa kwenye Biblia. Mwandishi mwenyewe ameshasema kwamba habari ya Esta na ile ya Cinderella ndizo zilizomfungulia wazo hili. Someni Esta sura ya 2. Malkia Vashti amekataa kuitwa aonyeshwe uzuri wake mbele ya wageni, ameondolewa, na mabinti wanakusanywa kutoka majimbo yote ya mfalme Ahasuero. Wanaandaliwa miezi 12, sita kwa mafuta ya manemane na sita kwa manukato, kabla ya kuingia kwa mfalme. Hakuna aliyewauliza kama wanataka.

Tunaifundisha habari hiyo shule ya Jumapili kwa watoto wadogo na hatusemi inawaharibu. Tunaifundisha kwa sababu Esta akishafika kasri hakusahau watu wake, alihatarisha shingo yake kwa ajili yao. Kwa hiyo Baba wa Mwanga, nakuelewa kabisa, lakini binti aliyepelekwa kasri si habari mpya ya kigeni iliyokuja kutupotosha. Swali ni atafanya nini akiwa ndani.

Na mimi nina la kulalamikia: Vashti. Aliyekataa hakupewa hata kitabu kimoja.

---

Mzazi_Mwanga

Mama, kwa Esta umenibana vizuri. Lakini Esta hakuna sehemu inayonifanya nitake kuwa Esta. Ninaposoma naogopa kwa niaba yake. Hiki cha Kiera Cass kinamfanya mtoto atamani achaguliwe. Kuna tofauti.

---

Msomaji_wa_Usiku

Baba, soma cha pili, The Elite cha 2013. Onyo kwa ambao hawajafika: nafichua.

Marlee, rafiki mkubwa wa America pale kasri, anakutwa na mlinzi, Carter. Yeye hakumpenda mwana wa mfalme, alimpenda mlinzi, basi. Kosa ni la kifo. Wanapunguziwa adhabu: viboko 15 kila mmoja, mbele ya umma, mbele ya familia zao, kisha wanashushwa hadi tabaka la Nane. Wasichana waliobaki wanalazimishwa kukaa na kutazama wakiwa wamevaa vizuri. America anapasuka, anakimbia kwenda kuzuia, walinzi wanambeba.

Baada ya sura hiyo hakuna binti anayetamani tu kuchaguliwa. Anajua kwamba aliyechaguliwa ameshakuwa mali ya mtu. Mimi nikiwa mwalimu ningesomesha sura hiyo peke yake.

---

Wakili_Mstaafu

Nimefuatilia uzi huu kimya, niruhusuni jambo moja la sheria, kwa kuwa umri umetajwa.

Riwaya inaweka miaka 16 kuwa umri wa kuingia kwenye mchujo wa ndoa, na wasomaji wetu wanaona ni mambo ya nchi ya kubuni. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana aliwekewa 18. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu hivyo, akashinda mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ikakubaliana naye kwamba vifungu vile vinakwenda kinyume cha Katiba.

Kwa hiyo kikundi kikifika kwenye ile fomu, pelekeni na habari hii. Mabinti wajue kwamba kanuni ya umri iliandikwa na watu, na kuna mwanamke wa Kitanzania aliyekwenda kuipinga kwa jina lake mwenyewe hadi ngazi ya juu.

---

Binti_Ujiji

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante sana. Hili linaingia Jumamosi ijayo bila kukosa.

---

Mama_Kasulu

Marahaba kwa niaba yake, maana wazee hawarudi kwenye nyuzi.

Nimekuwa nikiwaza la Mnyanyembe usiku kucha. Kama mtu angeandika riwaya ya namna hii ikasimama Heru, asilete kasri la ghorofa na ngazi za marumaru. Alete ng'ombe, maana utajiri wa watawala wa Buha ulihesabika kwa ng'ombe. Alete mteko, mtu wa ardhi na matambiko, ambaye mwami hawezi kutawala bila yeye, na ambaye anaweza kumkataa binti hata mwana wa mwami akimpenda. Hapo una mamlaka mawili yanayovutana, na binti yuko katikati. Baridi ya asubuhi ya Heru Juu, ukungu, moshi unaotoka kwenye nyumba za nyasi. Binti mmoja anatoka milimani kwa wafugaji, mwingine kwa wahunzi, mwingine anatoka ziwani, anajua kusoma upepo na hajawahi kukaa kwenye baridi, wenzake wanamcheka kwa harufu ya mgebuka hadi siku njaa inapoingia na yeye peke yake ndiye anayejua kukausha samaki.

Huyo wa ziwani ndiye ningemfuata. Na mwisho wake asiolewe na mwana wa mwami. Akalie baraza.

---

Mnyanyembe

Mama, umeshaandika nusu. Nitakuletea ya Unyanyembe tuunganishe: binti mmoja anatumwa kutoka Tabora kwa njia ya misafara ya pembe, na mizigo, na wapagazi, na amebeba ujumbe ambao hajui kuusoma.

---

Msomaji_wa_Usiku

Mkianza kuandika humu mnitaje. Na kwa kikundi cha Ujiji: mkifika cha nne, The Heir cha 2015, mwandishi kageuza meza. Ni zamu ya binti wa mfalme, Eadlyn, na sasa ni wavulana 35 wanaomgombania. Mhusika huyo si rahisi kumpenda mwanzoni, lakini mabinti watakuwa na mengi ya kusema kuhusu wavulana wanavyofanya wakiwekwa wao kwenye foleni.

---

Mzazi_Mwanga

Nimesoma yote, hadi ya mama na harufu ya mgebuka.

Msimamo wangu kwa mdogo haubadiliki, asubiri. Mkubwa nitamruhusu, kwa sharti kwamba sura ya ofisa na sura ya viboko zisomwe kwa sauti mkiwa wote, asizisome peke yake chumbani. Na ningependa nihudhurie siku ya ile fomu. Nitakaa nyuma, sitaingilia. Nataka kusikia mwanangu angemjibu nini yule mama.

---

Binti_Ujiji

Baba, karibu sana, kiti kipo. Fomu tunairudia Jumamosi hii saa nane, kwa sababu ya hili la sheria. Sura ya ofisa ni wiki inayofuata. Ya viboko itabidi isubiri kidogo, cha pili tuna nakala moja tu na inazunguka kwa zamu. Mwenye nakala ya ziada Mwanga au Gungu aniandikie ujumbe, nitaifuata mwenyewe.

Mama Kasulu, ukishamaliza sura ya kwanza ya yule binti wa ziwani, itume. Tutaisoma kabla ya cha tatu, The One.